Kile cha Katikati

Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana leo hii ukipanda gari la Newala ukashuka Chilangala ukamuulizia yule mkwe anayeitwa Cha Katikati, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha nyumba ya wakwe zangu, na akishakuonyesha atacheka, na wala simlaumu. Jina langu la ubatizo ni Mathayo, watu huniita Baba Neema, nina kijiduka cha steshenari Mkomaindo pale Masasi mjini, nachapa barua, natoa kopi, naprinti, basi. Aibu ya siku ile niliitengeneza mwenyewe, tena kwa mdomo tu, mashine yenyewe nilikuwa hata sijaigusa.

Ilianza kwa simu ya katekista wa Chilangala. Kanisa lao lilikuwa limepata kompyuta moja ya mezani na printa yake, na Jumapili Askofu anakuja kutoa kipaimara, na akina mama wameandaa historia ya umoja wao waisome mbele yake, na safari hii wanataka iwe imechapwa, wamechoka kusoma karatasi za mkono zilizokunjwa. Akaniomba nipande kule kwao mlimani Jumamosi niwafundishe mambo ya mwanzo kabisa, kitu gani kinaitwaje na kinafanya nini. Mke wangu Hilda alisikia, akaniambia taratibu kwamba katibu wa umoja ule ni mama yake mzazi, kwa hiyo nimwambie katekista atafute mwalimu mwingine.

(Kwa wasiojua: kwa watu wa Hilda mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Nikifika nachuchumaa uani, macho chini, natoa shikamoo yangu, naye anaitikia marahaba akiwa ndani, na kama kuna neno zaidi linapitia kwa mtu. Hatuna ugomvi hata kidogo, ni heshima.) Nikamjibu Hilda kwamba kompyuta siyo sahani ya ugali, hatuli pamoja, kwani kuna ubaya gani. Kusema kweli nilitaka sifa. Mjini mimi ni mchapa barua, lakini kule juu walishaanza kuniita mtaalamu, na nilikuwa nimelipenda lile neno.

Basi Jumamosi saa nne niko ukumbini. Akina mama kumi na wawili kwenye mabenchi, na kule kwenye kona, mbele ya mashine, mama mkwe ameshakaa, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso, anachapa kwa kidole kimoja. Katekista alikuwa amemfungulia ukurasa tangu asubuhi. Nikajua hapo hapo kwamba Hilda alikuwa sahihi, lakini nimeshaingia, nitatokea wapi? Nikajipa ujanja: nitafundisha nikiwa nimeutazama ubao, kona ile nitaipa mgongo, na kama ana swali litapitia kwa Mama Editha, jirani yake na rafiki yake, aliyekuwa amekaa karibu naye.

Na somo lilikwenda vizuri, nisijinyime haki yangu. Nikawaambia kile kioo siyo kompyuta, kioo kinaonyesha tu, kompyuta yenyewe ni lile boksi la pembeni ambalo watu huliita sipiyu. Nikawaeleza kibodi, nikawaeleza kipanya (wakacheka, mmoja akauliza kinakula nini), nikawaeleza faili ni kama karatasi na folda ni jalada la kuwekea karatasi. Nilipofika kwenye kumbukumbu nikajiona nimefika kwangu. Nikasema, akina mama, kazi unayochapa sasa hivi ni korosho ulizoanika kwenye mkeka, unaziona, unazigeuza, lakini mvua ikija zimekwenda. Ukibonyeza hifadhi, ndiyo umezibeba ukaziingiza ghalani. Wakaguna kwa kuelewa, na mimi nikavimba kichwa, nikaongeza la kujisifia: na zikishaingia humo, kompyuta haisahau kama sisi binadamu, karatasi hazina kazi tena.

Sasa sikilizeni. Mama mkwe yule alizunguka vijiji miezi miwili kwa miguu akiwauliza bibi watatu majina ya wanawake walioanzisha umoja, wale waliokuwa wakishuka bondeni kuteka maji ya kujengea kanisa na kuyapandisha kwa kichwa. Majina yote alikuwa ameyaandika kwenye vipande vya karatasi. Na mmoja wa bibi wale tulimzika mwezi uliopita. Aliposikia mkwe wake mtaalamu anasema karatasi hazina kazi tena, kila kipande alichomaliza kukichapa akawa anampa mama aliyekuwa anachemsha chai nje, kwa kuwashia moto. Mimi mgongo nimeupa kona, sioni kitu. Chai ile nilikunywa vikombe viwili, nikaisifia.

Saa nane akamaliza. Nilikuwa nimeshawafundisha kwamba alama ya msalaba kule juu kwenye kona ya ukurasa ndiyo ya kufungia, akaibonyeza. Mama Editha akapaza sauti: "Baba Neema, kimetokea kiboksi, kina vitufe vitatu vya Kiingereza. Tubonyeze kipi?"

Mtu mwenye akili angegeuka akatazama. Lakini kutazama kioo kile ni kusimama nyuma ya bega la mama mkwe, na mimi macho yangu yako ubaoni kama mtoto aliyeadhibiwa. Kiboksi cha vitufe vitatu nakijua, kwangu dukani nakutana nacho mara thelathini kwa siku. Na dukani wateja hawataki barua zao zibaki kwenye mashine yangu, mtu ameandika ya talaka, mwingine anaomba kuhama kazi bila bosi wake kujua, kwa hiyo kila nikimaliza kuprinti nabonyeza usihifadhi. Usihifadhi iko katikati. Kidole changu kimeizoea hata nikiwa nasinzia.

"Kile cha katikati," nikasema.

Kikabonyezwa. Mama Editha akauliza mbona pamekuwa peupe.

Nikageuka. Hapo ndipo heshima yote ilipoanguka, nilikwenda mpaka kwenye mashine, mama mkwe akanipisha haraka akajibanza ukutani, mimi nafungua huku nafunga kule, naingia mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta, hamna. Badala ya kukiri nikasema lipo, limejificha tu. Nikampigia rafiki yangu wa Masasi anayetengeneza kompyuta, na simu yangu spika ya sikioni ilishakufa, inaongea kwa sauti kubwa tu, kwa hiyo akina mama wote wakamsikia akisema, "Kama amebonyeza usihifadhi hakuna cha kutafuta, ndugu yangu, hilo faili halijawahi kuwepo. Ni nani huyo mjinga aliyemwambia abonyeze hapo?"

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mama mmoja wa benchi la nyuma akauliza kwa upole kabisa, akitaka kuelewa tu, kama zile korosho za kwenye mkeka ndizo hizi. Nikasema ndizo. Kisha nikauliza karatasi ziko wapi, nikaonyeshwa jivu.

Mama mkwe akatoka nje. Nikamwona kupitia dirishani amekaa kwenye baraza, ameupa ukumbi mgongo, khanga ameishika mdomoni. Miezi miwili ya miguu yake, na kesho Askofu. Nilitaka kulia, na siwafichi, kidogo nililia, nikajifanya moshi wa chai umeniingia machoni.

Baada ya muda Mama Editha akaja. Akasema mama ameagiza nikae kwenye mashine, yeye atasema yaliyomo kichwani kabla hayajapotea, na mimi nichape. Yeye nje barazani, mimi ndani, dirisha katikati yetu, Mama Editha amesimama anapokea maneno na kunipitishia. Tukaenda hivyo mistari mitatu, na majina yakawa yanaharibika njiani, Mama Editha anasahau la pili akiwa analeta la kwanza. Mara nikasikia sauti nyingine, ya chini, inakuja moja kwa moja dirishani.

"Hifadhi kwanza, Baba Neema."

Miaka tisa, na ukiacha marahaba, hilo ndilo neno la kwanza mama mkwe kuniambia mwenyewe bila mtu wa kati. Mama Editha akatazama pembeni kama hakusikia. Nikahifadhi, nikasema nimehifadhi, mama. Akaendelea. Kila jina alilolitoa, akalifuatishia, umehifadhi? na mimi, nimehifadhi, mama. Jina, umehifadhi, nimehifadhi, mpaka jua likaanza kuinama nyuma ya mikorosho.

Majina kumi na manane yalirudi. La kumi na tisa halikurudi. Ni la mama ambaye alipandisha maji siku ile jiwe la msingi lilipowekwa, na aliyekuwa akilijua ni yule bibi tuliyemzika. Mimi vidole viko juu ya kibodi, namwomba Mungu alilete. Mama mkwe akasema kutoka nje tuache hapo.

Jumapili nilikaa benchi la mwisho. Akasimama mbele ya Askofu na kurasa zake mbili zilizochapwa, akasoma bila haraka, na alipofika kwenye nafasi ile nikainamisha kichwa, nikijua sasa kanisa zima litaambiwa. Akasoma: "Na mwenzetu mmoja, ambaye jina lake limepotea mikononi mwetu."

Mwetu, alisema. Hakusema mikononi mwa mkwe wangu, na ingekuwa haki yake. Hilda aliyekuwa pembeni yangu akanifinya mkono, nami nikashindwa kuimba wimbo uliofuata.

Tangu siku hiyo nimeapa kutomwambia mtu abonyeze kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu, awe mkwe, awe padri, awe nani, bora nivunje heshima kwa kutazama. Dukani sasa wateja wanachoka na mimi, namuuliza mtu mara mbili, nihifadhi au nisihifadhi, na kiboksi nakisoma chote ingawa nakijua. Chilangala nikifika nachuchumaa uani kama zamani, macho chini, natoa shikamoo, na mama mkwe akishaitikia anauliza kutoka ndani kama nimehifadhi, na uani wote wanaangua kicheko. Faili lile ninalo, nimeliweka sehemu tatu. Baada ya jina la kumi na nane nimeacha mstari mmoja mtupu, na kila nikipanda kule nakwenda kwa wazee kuulizia.