Ndama wa Lubarika

Watu wakisikia kwamba zamani nilitengeneza chanjo ya ndui kwa mikono yangu, huvuta kiti na kutaka niwasimulie. Huwa nawasimulia kwa raha mpaka nifike kwenye sungura, hapo nakumbuka ghafla kwamba nina kazi nyingine. Leo nitafika mwisho, hata kama sipendi.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na zizi, kwenye uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara inayoshuka Uvira. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mbelgiji mmoja, daktari wa mifugo, mtu mkavu aliyenusa mikono yangu kila asubuhi kuhakikisha nimenawa. Nilimchukia miaka miwili, kisha nikaanza kumwiga.

Chanjo ile ilioteshwa kwenye ngozi ya ndama. Tulichagua ndama jike mwenye afya, tukamwogesha kwa sabuni, tukamlaza juu ya meza yenye mikanda na kumnyoa tumbo lote kwa wembe. Kisha tulimkwaruza kwa sindano, mistari myepesi iliyofuatana kama ya daftari, na juu ya mistari ile tukapaka mbegu, yaani chanjo kidogo iliyobaki kutoka kwa ndama wa awali. Siku tano alikaa kwenye sakafu tupu inayooshwa kila mara, akinywa maziwa tu, kwa sababu majani yangemchafua. Mistari ilivimba ikajaa malengelenge. Siku ya tano tulimwosha tena, tukamchinja, tukatazama mapafu na ini, maana ndama mwenye ugonjwa angeweza kuwapa watoto ugonjwa wake. Akionekana mzima, tulikwangua malengelenge kwa kijiko chenye makali na kuyasaga pamoja na gliserini mpaka yakawa uji wa kijivu. Uji huo ulikaa wiki nyingi ndani ya frigo, jokofu letu la mafuta ya taa, ili gliserini iue vijidudu vingine na kutuachia kile tulichokitaka. Mwishoni tuliujaza katika mirija ya kioo, myembamba kama njiti ya kiberiti, tukaziba ncha zake kwa moto.

Halafu kulikuwa na kuhakikisha, mara mbili. Kwanza, kabla mirija haijatoka nje, tulimnyoa sungura mgongo na kumpaka. Ngozi ikivimba, chanjo iko hai. Pili, baada ya kuchanja watu, mchanjaji alirudi siku ya nane kutazama mikono. Akikuta kidonda, chanjo imeshika, na kovu lake halitafutika maisha yote. Akikuta ngozi laini, anachanja upya. Mbelgiji alisema mtu ambaye hajarudi siku ya nane hajachanja, amekwaruza watu tu.

Uhuru ulipokuja, aliondoka ndani ya wiki moja na kuniachia funguo. Nisijinyime haki yangu: miaka ya kwanza nilifanya kazi vizuri, pengine vizuri kuliko yeye. Ila hakuna ofisi iliyotuletea ndama tena, na ilibidi niende kuwaomba wenye ng'ombe.

Ndivyo nilivyofika Lubarika, kwa mkulima mmoja Mrundi, mtu mzima wa miraba minne aliyekuwa na ng'ombe sita na watoto watatu. Nilimweleza kila kitu, hata kuchinja. Alimtazama ndama mmoja mwekundu aliyekuwa akilamba mkono wa binti yake mdogo, mtoto wa miaka minne hivi.

"Kwetu ng'ombe haiombwe hivi hivi," aliniambia. "Ukimupa muntu ng'ombe, mumekuwa ndugu. Ikizala, ya kwanza inarudia kwa mwenye aliitoa. Hii yako haitazala, nimesikia. Lakini miye nakupa."

"Nitakulipa nini, muzee?"

"Ile dawa ikiisha kutengenezwa, anza na batoto ba hapa kwangu. Basi."

Nilimpa mkono, na kamba ya ndama ikapita kutoka mkono wake kwenda wangu. Binti alitusindikiza mpaka njia panda akimshika ndama mkia.

Yule ndama alitupa chanjo nzuri sana. Uji ulikuwa mwingi, na wiki zake za baridi zilipotimia nilijaza mirija ya kutosha visanduku vinne. Nilikuwa bado sijampaka sungura ilipofika barua kutoka mkoani, yenye mihuri miwili, ikinitaja kuwa direkteri, mkuu wa maabara.

Niliisoma labda mara ishirini. Nilikuwa mtoto wa mvuvi wa Songo, na sasa nilikuwa direkteri. Jumamosi hiyo nilialika kila mtu aliyewahi kunidharau: karani wa ofisi, mwalimu wangu wa zamani, shemeji zangu wote. Joto lilikuwa kali, na bia baridi ilikuwa heshima kubwa. Frigo ilikuwa moja tu katika eneo lote, na ilikuwa yangu.

Nilitoa visanduku vinne, nikaviweka kwenye veranda chini ya bati, nikapanga chupa mahali pake. Nilijiambia ni kwa saa mbili. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniuliza. Karani alipogusa chupa na kusema, "Eh, direkteri, hapa kwako ni Ulaya," nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Nilivikumbuka Jumatatu.

Bati lilikuwa limevioka siku mbili, na joto huua chanjo. Nilichukua mrija mmoja nikauinua kwenye mwanga, na uji ulikuwa wa kijivu vilevile, mzito vilevile, bila harufu. Chanjo iliyokufa haitofautiani kwa macho na iliyo hai. Nilirudisha visanduku ndani ya frigo na kufunga mlango polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani.

Sungura alikuwa kwenye kibanda chake, na wembe ulikuwa mezani. Kazi yote ni nusu saa, kisha kungoja siku chache. Sikumpaka. Nilijua angenijibu, nami sikutaka jibu. Kama ngozi yake isingevimba, ningelazimika kurudi Lubarika na kumwambia yule mtu kwamba ndama wake amekwenda bure, kwa sababu ya bia.

Wiki iliyofuata tukasikia ndui imeonekana kwenye vijiji vya kaskazini. Nilivaa blauzi nyeupe, lile koti la maabara, nikapanda baiskeli na visanduku vyangu nikaenda Lubarika, maana nilikuwa nimeahidi. Tazama jinsi nilivyokuwa mwaminifu! Nilianza na watoto wa yule rafiki yangu, wavulana wawili kwanza, kisha binti. Hakulia. Aliuliza kama dawa hii ndiyo ndama wao, nikamwambia ndiyo, ndiye yeye. Akautazama mkono wake akatabasamu.

Siku ya nane nilibaki nyumbani. Nilisema baiskeli ina pancha, na ilikuwa kweli, lakini pancha huzibwa. Siku ya kumi nilisema nina ripoti za kuandika. Kisha waasi waliokuwa wakipigana na serikali wakateremka, Uvira ikawa mikononi mwao, barabara ya uwandani ikafungwa, na kila mtu akawa na sababu ya kutokwenda popote. Nasema jambo hili kwa aibu kubwa kuliko mengine yote: nilipowaona wale vijana na mikuki yao wakipita, moyo wangu ulipumua. Watu walikuwa wakikimbia na magodoro kichwani, nami nilishukuru kwamba sasa hakuna atakayeniuliza habari za Lubarika.

Nilivuka mpaka, nikakaa Burundi mpaka mambo yakatulia. Niliporudi, maabara ilikuwa kuta tu. Nilipata kazi kwenye zahanati ndogo ya Nyamianda, kufunga vidonda na kugawa vidonge, na nilipoulizwa niliwahi kufanya nini, nilisema nilikuwa msaidizi.

Mwaka wa tatu baada ya ile siku ya Lubarika, asubuhi moja, yule mkulima alisimama mlangoni pa zahanati. Alikuwa amekonda. Nyuma yake palikuwa na ndama jike mwekundu kwenye kamba, na kamba imeshikwa na msichana. Uso wa msichana ulikuwa umechimbwa na ndui kuanzia paji mpaka kidevu, na jicho la kushoto lilikuwa jeupe.

"Amahoro, muganga," alinisalimu yule mtu kwa Kirundi. "Nimekutafuta sana. Balisema ulikufa."

Nilimkaribisha kwenye benchi. Aliniambia ndui iliwafikia wakati wa vita, walipokuwa wamejificha milimani. Wale wavulana wawili alikuwa amewazika hukohuko.

"Ile ndui ilikuwa mubaya, rafiki yangu. Bila dawa yako, hata huyu tungelimuzika. Nimemwambia kila siku: weye uko muzima juu ya ule muganga." Akaonyesha ndama. "Ile ya kwanza iliingia mu dawa, haikuzala. Undugu hauwezi kubakia vile. Nimekuletea ingine."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, sungura, bia, veranda, bati. Nilitaka kuyasema, na nathibitisha kwamba nilitaka.

"Mama, muonyeshe muganga," alimwambia binti yake.

Msichana akapandisha mkono wa gauni mpaka begani na kunisogezea mkono wake, pale pale nilipomkwaruza. Niliushika. Niligeuza ngozi kwenye mwanga wa mlango kama nilivyofundishwa kufanya siku ya nane. Ilikuwa laini kabisa.

"Unaona?" alisema baba yake, kwa fahari. "Hata alama haiko. Weye uko na mukono mwepesi sana."

Nikasema, "Asante, muzee." Nikapokea kamba.