Kiti cha Baiskeli ya Buda

Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa na mchezo mmoja wa kuchekesha watu wa ploti yetu ya kupanga pale Rongai, upande wa Nakuru. Buda, baba yangu, akiingia choo cha nje, mimi nasimama wima mlangoni, mkono kifuani, naimba wimbo wa taifa. Namaliza beti zote tatu na yeye bado yuko ndani, mkojo unadondoka kama mfereji wa shule mwezi wa kiangazi. Siku moja mathe, mama yangu, alicheka mpaka akaegemea ukuta, mikono imejaa unga wa chapati. Buda akatoka, akanipiga kofi moja safi. Sikulia. Kofi kwangu ilikuwa kama makofi, ilimaanisha joke imeingia.

Nimeanza na hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniokoa, na ilichukua miaka kunifikia.

Nikiwa fom wani, likizo ya Aprili, nililegeza nati ya kiti cha baiskeli yake. Hii ni ile baiskeli nyeusi nzito anayoendea kazini kwenye stoo ya mahindi. Nilitumia spana namba kumi na tatu. Mpango wangu ulikuwa kiti kiiname kidogo, apande kama mtu anayeteleza kwenye paa, majirani wacheke, nikimbie. Badala yake kiti kiligeuka kabisa, akatua kwa ile bomba ya katikati, katikati ya miguu. Alikaa chini kwenye vumbi akiwa ameng'ata kola ya shati. Hakuna aliyecheka. Alichechemea siku tatu, akarudi kazini.

Lakini tangu hapo, kila alipolalamika kwamba mkojo unamchoma au hautoki vizuri, jibu lilikuwa moja. Ni baiskeli. Na baiskeli ilikuwa mimi. Alimwambia mathe hivyo, akamwambia mchungaji, akamwambia kila mgeni aliyekunywa chai kwetu, nikiwa hapo hapo nimeshika birika. Nikaacha utani. Walimu walifikiri nimeokoka. Nilichota maji bila kutumwa, niling'arisha viatu vyake, na kila usiku niliomba vile mtu huomba akiwa na kesi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, njia ikafunga kabisa. Mkojo haukutoka hata tone, tumbo likavimba kama ngoma, akapelekwa hospitali analia kama mtu mwingine. Walimtoboa chini ya kitovu, wakapitisha mrija mpaka kwenye kibofu, mrija ukaunganishwa na mfuko wa plastiki. Aliambiwa angoje upasuaji. Kazi ya kumwaga mfuko asubuhi kabla ya shule nilipewa mimi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Buda alikuwa anainua shati anaangalia dirishani, mimi nafungua kile kifuniko kidogo, mkojo unaingia kwenye beseni. Kuna siku alisema, polepole, bila hasira, "Unaona vile joke yako imenifanya." Niliosha lile beseni mpaka rangi ikaanza kutoka.

Agosti aliitwa hospitali Nakuru, kwa daktari wa njia ya mkojo. Mathe alikuwa na oda ya chapati za matanga, kwa hivyo nikaenda mimi. Buda alibeba mfuko wake ndani ya kiondo ili watu wafikiri ni mboga. Alipigwa eksirei ile wanayotia dawa kwenye njia ya mkojo ndio ionekane, akatoka jasho limemjaa, na tukaingia kwa daktari, jamaa mpole mwenye soksi za rangi mbili. Daktari aliuliza kama angependa kijana angoje nje.

"Wacha akae," buda akasema. "Ndiye alinifanyia hii. Asikie."

Nikakaa nikisubiri kuhukumiwa rasmi.

Daktari aliweka picha kwenye taa, akaiangalia muda mrefu. Akauliza kuhusu baiskeli, buda akamweleza vizuri sana, alikuwa na mazoezi. Daktari akasema mtu akianguka hivyo, mara nyingi kovu huwa fupi, mahali pamoja, pale alipogonga. Akapitisha kalamu kwenye picha. Hili lilikuwa refu, sehemu kubwa ya njia ya mkojo imekuwa nyembamba kama uzi. Kisha akaniambia nitoke kidogo.

Nilitoka. Lakini pale mlango ni pazia, na benchi iko hatua moja kutoka kwa pazia. Mtu asiniambie ningeziba masikio.

Daktari aliuliza kama amewahi kuugua kisonono. Buda akaanza tena na baiskeli. Daktari akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama anayeuliza umekula nini. Na buda, mzee wa kanisa, akasema ni kitambo, akifanya kazi kwa mashamba ya maua Naivasha, akiishi mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa. Usaha ulikuwa unatoka, akadungwa sindano kwa duka la dawa, akapewa na tembe. Usaha ukakauka, tembe akaacha.

Nilijua hiyo Kihoto. Nilikuwa darasa la tatu. Alirudi akasema maji ya ziwa yameingia kwa nyumba, ndiyo yamemfukuza.

"Mama wa kijana alitibiwa?" daktari akauliza.

Buda alinong'ona kitu. Nilisikia daktari akisema, "Basi mlete. Apimwe."

Mimi ni mtoto pekee. Mathe ameenda Subukia, kule watu huenda kuomba, na akina mama wa kanisa mara nyingi, kuombea mtoto wa pili, na akirudi ananiletea ndizi. Sijui kama hayo mawili, Kihoto na mtoto asiyekuja, yanahusiana. Lakini pale kwenye benchi sikuweza kuyatenganisha.

Buda alitoka akanipeleka kula chips na soseji, kitu hajawahi kufanya tangu nizaliwe. Nilikuwa na hasira na njaa, njaa ikashinda. Nilipokuwa nalamba vidole akasema mambo ya daktari ni ya watu wazima. "Nyumbani ni baiskeli tu. Umezoea."

Hilo neno la mwisho ndilo lilinimaliza. Si Kihoto. Alikuwa ameona jinsi nilivyobeba hiyo lawama, kila asubuhi, akiangalia dirishani, na akaona kwamba nabeba vizuri.

Tulifika saa kumi. Mathe alikuwa anapanga chapati kwenye karai. Aliuliza daktari amesemaje, buda akasema upasuaji ni mwezi ujao, akaanza kuvua viatu. Nikasema, "Mum, daktari anataka kukuona pia."

Mathe akageuka. "Mimi? Kwani mimi pia nilianguka na baiskeli?"

Buda alishika kiatu kimoja mkononi. Mathe alimwangalia, akaniangalia, na nikaona anaanza kurudi nyuma kichwani mwake, mwaka kwa mwaka, vile anavyotafuta kitu kwenye kabati.

"Ile siku ulipigwa kofi," akaniuliza, "ya wimbo wa taifa, baba yako akikawia chooni. Ulikuwa darasa la ngapi?"

"La sita."

"Na baiskeli?"

"Fom wani."

Alifunika chapati kwa kitambaa, akakunja ncha zote nne taratibu. Kisha akaniambia niende nje nicheze, kama mtoto mdogo, mimi mwenye ndevu tatu.

Nilienda. Baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa choo tangu mwezi wa pili. Nilitoa ile spana pale nilipoificha, chini ya tangi la maji, nikakaza nati ya kiti, ingawa ilishakazwa zamani, mpaka ikalia. Ndani ya nyumba mathe alikuwa anaongea, kwa sauti ya chini, akimhesabia buda miaka, na miaka hiyo yote ilikuwa kabla ya baiskeli.