Gari la usukani kulia lililotutoa Élisabethville

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Humu huwa nasoma tu kimya kimya, ila leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna uzi vijana mnabishana kuhusu magari ya classic: usukani kulia au kushoto, dashboard ipi ina mvuto zaidi. Mnachekesha, na sitaki kuwaharibia raha. Lakini mimi nikiziona zile picha moyo unaniuma. Ninachoandika hapa nimekiishi, sikuongeza chumvi.

Umri wangu msiulize. Kiswahili changu kimechanganyika kwa sababu nimezeekea Kigoma, ila nyumbani ni Lubumbashi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji bado ukiitwa Élisabethville. Mume wangu, Donati, alikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja mfanyabiashara wa mbao. Tulikaa Kamalondo, mtaa wa Waafrika, chumba na kiwanja kidogo cha kupikia.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Enzi zile Mwafrika alikaa mjini kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, unarudishwa kwenu, wewe na mkeo na sufuria zenu.

Na mimi nilikuwa mjamzito. Watoto wangu wawili wa kwanza nilizalia kijijini kwao Donati, kaskazini huko, na wote walikufa wakati wa kuzaliwa. Masista wa maternité, hospitali ya wazazi pale mjini, walinipima wakaniambia mtoto amekaa vibaya, nisithubutu kuzalia mbali nao. Kwa hiyo kazi ya Donati ndiyo ilikuwa uhai wa mtoto wetu. Tulilijua hilo wote wawili, tukawa hatulisemi.

Gari la kwanza la Mbelgiji yule lilikuwa la usukani kushoto, kama magari mengi ya Kongo. Donati alilijua kama mfuko wa suruali yake. Halafu patron, ndivyo tulivyomwita bosi, akaenda Rhodesia, akarudi kwa njia ya mpaka wa Mokambo na gari kubwa jeusi. Usukani kulia.

Kwa msiojua, kubadili upande si kuhamisha kiti tu. Gia ya magari yale ilikuwa fimbo iliyochomoza kwenye shina la usukani. Kwenye gari la zamani Donati aliishika kwa mkono wa kulia, hili likataka wa kushoto. Mshale wa speed ulisoma maili badala ya kilomita, unaona namba ndogo unadhani unatambaa kumbe unapaa. Swichi ya taa, kitufe cha kuwashia, vyote vilikuwa vimehama.

Donati akamwomba patron siku moja tu, alizungushe nje ya mji mikono izoee.

"Voiture ni voiture," patron akamjibu, yaani gari ni gari. "We iko chauffeur ao hapana?"

Wewe ungejibu nini? Ukisema hapana, kazi imekwenda.

"Njo vile, patron," akakubali, akapokea ufunguo.

Jioni ile akaja kufanyia mazoezi nyumbani. Akakaa kwenye kigoda, kifuniko cha sufuria ndio usukani, mwiko wangu wa kusongea bukari, ugali wetu, ndio gia. Mimi nilikuwa naushika mwiko ili usimame, na tumbo langu lile.

"Shika muzuri, Véro! Unatikisha gia!"

"Si mie, ni mutoto anacheka baba yake."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilimsikia Donati akicheka vile.

Mkono wa kushoto ukazoea gia kweli. Kesho yake aliendesha vizuri mji mzima. Kilichomponza hakikuwa kuendesha, kilikuwa kusimama.

Madereva wa wazungu walikuwa na adabu yao. Ukisimamisha gari, unavuta hendibreki na kuruka nje kwa mwendo mmoja, ili Madame, mke wa patron, asiguse mlango mwenyewe. Madame akifungua mlango kwa mkono wake, umemwaibisha patron. Kitu hicho mtu hakifikirii tena, mkono unajiendea.

Kwenye gari la zamani hendibreki ilikuwa kipini chini ya dashboard, upande wa kushoto karibu na mlango. Kwenye gari jipya ilikuwa kulia karibu na mlango. Na pale kushoto, urefu ule ule, kulikuwa na kipini kingine kinachofanana nacho, cha kufungulia hewa.

Mbele ya duka moja, barabara ikiteremka kidogo, Donati alisimama, mkono wa kushoto ukavuta cha kushoto, akaruka nje kumfungulia Madame. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshagusa chini gari lilipoanza kuondoka. Akaanguka, gurudumu likampita mguuni. Gari likaenda kugonga ukuta Madame akiwa ndani, ila hakuumia.

Polisi walimweka ndani. Alipotoka alikaa kwenye kigoda kile kile, akiangalia mkono wake.

"Nilikokota, Véro. Mukono ilisikia kabisa kama inakamata."

Nikamuuliza kama aliwaambia kwamba aliomba siku ya kujifunza.

"Nilibaambia. Banasema chauffeur wa kweli haombake siku."

Patron akamfukuza, kitabu chake cha kazi kikaandikwa vibaya, hakuna mzungu mwingine aliyemtaka. Nikaenda kwa masista kuomba nibaki peke yangu mpaka nijifungue. Sista mmoja alilia pamoja nami, lakini ruhusa ya kukaa mjini haikuwa yake kutoa. Tukapanda treni ya kaskazini.

Mtoto alitanguliza miguu. Wanawake wa pale walifanya kila walichojua. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, nikamsikia kwa masikio yangu, basi. Sikupata mimba tena.

Uhuru ulipokuja wenzake Donati walirudi mjini kuendesha, wakamwita. Alikataa. Alilima mihogo mpaka akafa, na habari ya gari hatukuizungumza tena. Nilijaribu mara moja kumwambia kwamba simlaumu, akainuka akatoka nje.

Wakuu, nilichojifunza hakinirudishii kitu. Ukimpa mtu mashine asiyoizoea, mpe na muda wa kuizoea. Akikuomba siku moja, usimpime uanaume. Huenda ana mtu nyumbani ambaye wewe humjui.

Najua huko Lubumbashi bado yanaingia magari ya usukani kulia kutoka upande wa pili wa mpaka. Nyie mnaoyaendesha, na nyie mnaoajiri madereva, hebu niambieni hapa chini. Siku ya kwanza, kuna aliyekaa na dereva akamwonyesha kila kipini kiko wapi? Nitasoma kila comment, hata kama mikono haitaniruhusu kuwajibu wote. Na kama yupo aliyewahi kuomba siku moja akapewa, naomba aanze yeye.