Moto Ulitoka kwa Betri Yangu, Si kwa Jiko la Jirani

Mimi ndiye nilichoma ile ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Section 58 hapa Nakuru. Sikukusudia moto. Lakini nilichofanya baada ya moto nilikikusudia, na hicho ndicho kinaninyima amani. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unihukumu unavyotaka.

Mimi ni mtu wa boda. Nilichoka na bei ya mafuta nikauza pikipiki yangu ya petroli, nikachukua ya stima kwa jamaa aliyekuwa anahama Nakuru. Niliipenda sana. Haina kelele, haina moshi, ukiwasha inaondoka kama inateleza. Wenzangu wenye pikipiki za kampuni wanapeleka betri iliyoisha kituoni wanapewa iliyojaa. Yangu haikuwa ya kampuni. Ilibidi niichaji mwenyewe kwa nyumba.

Chaja iliyokuja nayo iliharibika. Nikatafuta nyingine mjini, ya mkono wa pili. Muuzaji akaniuliza betri yangu ni ya volti ngapi. Nikamwambia, "Leta tu, bora plagi iingie." Plagi iliingia. Nikaona nimemaliza.

Halafu siku moja nikitoka Subukia kumpeleka mteja, mvua ilikuwa imenyesha, tukateleza kwa kona. Mteja hakuumia, mimi nilichubuka tu. Betri ndiyo iligonga jiwe, kasha lake likapasuka ubavuni. Nikalifunga na selotepu.

Fundi wa pale stage yetu ya boda aliishika akaigeuza, akanirudishia haraka kama kitu kichafu. "Boss, hii imevimba. Usiichaji tena. Na usiiweke kwa nyumba."

Nikamwambia anataka tu kuniuzia nyingine.

Hata mke wangu aliniambia. Alirudi jioni kutoka kazini, shamba la maua, akasimama mlangoni akinusa. "Hapa kunanuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Ni hiyo betri yako?" Nikasema ni jirani anapaka kucha. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Chebet, mjane aliyetoka Olenguruone, kule Mau, na sidhani aliwahi kupaka kucha maishani mwake.

Huyo Mama Chebet ndiye ninataka umjue. Milango yetu ilikuwa inaangaliana kwa korido. Alikuwa anapika githeri, mahindi na maharagwe, anawauzia vibarua wa mjengo. Jiko lake la makaa lilikaa pale kwa korido, katikati ya mlango wake na wangu, na wapangaji walikuwa wanalilalamikia moshi kila wiki. Mke wangu akitoka alfajiri, huyo mama ndiye alikuwa anatuangalizia msichana wetu, Ciku, ambaye hakuwa ameanza shule. Hakuwahi kutuitisha kitu. Akisema, "Mtoto ni wa ploti," basi amemaliza.

Siku yenyewe nilirudi saa ya lunch, betri imeisha na bado ina joto la barabarani. Ningeiacha ipoe kwanza. Sikuiacha. Nilitaka kurudi kazini kabla watu watoke ofisini. Nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja na pazia katikati, soketi moja tu, na hiyo soketi iko nyuma ya mlango. Nikaiweka hapo, juu ya kapeti, nikaichomeka. Ciku alikuwa amelala nyuma ya pazia.

Nikamwambia Mama Chebet, "Mathe, nisikilizie huyo mtoto, natoka kidogo."

"Enda tu," akasema. "Mimi niko hapa nachambua maharagwe."

Nilienda stage kupiga stori. Stori tupu, hata sikumbuki ilikuwa ya nini.

Nilisikia milipuko nikidhani ni mtu anachezea eksozi ya pikipiki. Halafu nikaona moshi mweusi upande wetu. Nilikimbia. Nilipofika, mlango wangu ulikuwa unatoa moto kama tanuru, mabati yameanza kujikunja, watu wanarusha maji na mchanga. Dirisha letu lina grili. Hakukuwa na njia nyingine ya kutoka. Nilipiga magoti pale nje.

Ciku alikuwa ameketi kwa nyasi, amefungwa leso yenye maji, analia. Mzima. Mtu akaniambia, "Ni Mama Chebet alimtoa." Aliingia kupitia mlango ule ule, juu ya betri ile ile inayorusha cheche, akambeba mtoto chini ya sweta yake. Mikono yake yote miwili iliungua mpaka kwa viwiko. Walikuwa wameshamkimbiza hospitali.

Nyumba zote za safu yetu ziliisha. Vitanda, vyombo, vitabu vya watoto, mashine ya fundi cherehani wa chumba cha mwisho. Hakuna aliyekufa. Nilipaswa kushukuru Mungu na kusema ukweli.

Mwenye ploti alikuja. Watu wakamzunguka wakiwa na hasira, kila mtu anauliza moto ulianzia wapi. Mmoja akasema ulianzia hapo kwa korido, karibu na mlango wangu. Wakanigeukia.

Ningesema neno moja tu, betri. Nikaona vile wananiangalia. Nikaona vile watanidai kila kijiko kilichoungua. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hapo ndipo Mama Chebet huweka jiko," nikasema. "Nilitoka nikaliacha linawaka."

Ona vile ilikuwa rahisi. Walikuwa wameshalichukia hilo jiko. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Kwa nyumba yangu kila kitu kilikuwa majivu, na pikipiki yenyewe ilikuwa imeungua hapo mlangoni, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa kuona chuma cheusi cha betri. Na yeye alikuwa kwa kitanda cha hospitali, hawezi kujitetea.

Alipotoka, alikuja kuchukua vitu vyake vichache vilivyobaki. Mikono imefungwa bandeji. Wakamfukuza kama mwizi. Fundi cherehani alirusha sufuria zake nje ya geti. Yeye akasema kwa sauti ya chini, "Jiko langu halikuwa na moto. Nilikuwa bado nachambua maharagwe."

Halafu akaniangalia. Alikuwa anangoja niseme kitu. Mke wangu alikuwa kando yangu na Ciku mgongoni.

Mimi niliangalia viatu vyangu.

Alirudi kwao. Sisi tukahamia nyumba nyingine. Nilipata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Ciku kila siku alikuwa anauliza Mama Chebet ako wapi, na mimi namwambia amesafiri. Nilikonda. Mke wangu akadhani ni ugonjwa.

Mwishowe nilishindwa. Nikaenda Olenguruone. Sikuwa najua boma lake, lakini sokoni niliuliza, wakanionyesha. Alikuwa ameketi na viazi mbele yake, baridi ya Mau, amejifunika shuka. Mteja alikuwa anajipimia mwenyewe, kwa sababu vidole vya yule mama havikunjiki tena vizuri.

Aliponiona, kitu cha kwanza alisema ni, "Ciku anaendeleaje?"

Nikalia mbele ya soko zima. Nikamwambia yote, chaja, betri iliyovimba, uongo wangu. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Umenieleza kitu ninachokijua," akasema. "Mimi nilipita juu ya hiyo betri. Nilijua tangu siku hiyo."

"Mbona hukusema, mathe?"

"Nilisema. Walikuwa wanakuangalia wewe." Akapanga viazi vyake na kiganja. "Nenda uwaambie wale. Usirudi hapa kabla hujawaambia."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Jioni nilimwambia mke wangu. Aliacha chakula kikapoa. "Betri ningekusamehe," akasema. "Yule mama alikuangalia, na mimi nilikuwa hapo." Alichukua Ciku akaenda kwao Subukia, na bado wako huko. Namwona mtoto Jumapili, tunakaa nje ya kanisa, halafu wananiaga.

Nilianza kuwatafuta wapangaji. Fundi cherehani nilimpata. Alinipiga kofi, halafu yeye mwenyewe akakaa chini akashika kichwa. "Mimi ndiye nilirusha sufuria zake," akasema. Mwenye ploti pia nimemwambia, na tumekubaliana vile nitamlipa. Lakini wengine walitawanyika baada ya moto. Wengine wako Naivasha, wengine sijui. Namba zao hazipatikani. Huko waliko bado wanasimulia watu juu ya mama mzembe na jiko lake.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Kama uliishi ploti ile, ama unajua mtu aliyeishi pale, mwambie alidanganywa, na mimi ndiye nilimdanganya.

Na wewe mwenye pikipiki ya stima, betri ikianguka, ikivimba, ikinuka, itoe nje mbali na watu, na fundi akikuambia imekufa mwamini. Tumia chaja yake, si yoyote ambayo plagi inaingia tu. Iache ipoe kabla ya kuichomeka. Usiichaji mlangoni, usiichaji mtoto akilala, usitoke ukaiacha. Ikishawaka hutapata muda wa kufikiria.

Na ikitokea imewaka, mtu akuulize moto ulianzia wapi, jibu siku hiyo hiyo, majivu yakiwa bado na joto. Mimi nilichelewa. Sasa kuna mama Olenguruone ambaye kila akitaka kufunga kitambaa kichwani anaita mtu amsaidie, na msichana wangu yuko hai kwa sababu yake, na kuna watu Nakuru hii hawataki hata kusikia jina lake.