Vitufe Vitatu vya Bi Semeni

Bi Semeni binti Mwinyijuma aliandikisha wakulima katika bustani ya miche ya minazi, Pangani, kwa miaka kumi na tisa. Bustani ilipokuwa ya serikali aliandika kwa kalamu. Mwaka 1997 iliuzwa, akainunua Bwana Shamsuddin, mfanyabiashara wa Tanga. Wafanyakazi wanane walipunguzwa, na mezani kwa Bi Semeni ikawekwa kompyuta. Yeye alibakizwa kwa sababu hakuwa akikosea.

Programu niliiandika mimi. Mkulima akifika, Bi Semeni alibonyeza kitufe chenye jina la kijiji chake, kisha akaandika idadi ya miche. Mwanzo vitufe vilikuwa vitatu, na niliviandika kimoja kimoja. Mwezi wa Mei tukaongeza Boza, Bweni na Ushongo. Hivi vipya, kwa kujiona nimekuwa fundi, niliviunda vyote kwa mzunguko mmoja, yaani agizo moja linalojirudia kwa kila jina. Nikajaribu cha mwisho, Ushongo. Kikajibu sawa. Sikujaribu vingine.

Siku ya kugawa miche, mzigo wa Boza na wa Bweni ulikuwa umepelekwa Ushongo, kusini ya mto. Watu walijaa barazani.

"Bi Semeni," alisema Sadalla, mkulima wa Boza, "Boza imevuka mto lini?"

Watu wakacheka.

"Nilibonyeza Boza, Sadalla."

"Basi Boza yako ina miguu!"

Bwana Shamsuddin akanigeukia. "Miraji, mashine inakosea?"

"Mashine haikosei, Bwana. Vitufe vimekaribiana. Itakuwa macho yake."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Bwana Shamsuddin akamwambia Bi Semeni kwamba kosa moja tena, atatafuta mtu mwenye macho.

Jumatatu nilimkuta amevaa miwani mikubwa ya kiume.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Usinicheke. Ni ya marehemu mume wangu. Inanizungusha kichwa, lakini heri kichwa kizunguke kuliko kukaa nyumbani bila kazi."

Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta chini ya jina, akalitamka kama mtoto wa chuo cha Kurani, "Bweni," ndipo akabonyeza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikafungua orodha. Palikuwa pameandikwa Ushongo.

Kitufe hakifanyi kazi unapokiunda. Unakiachia agizo, na agizo hutekelezwa siku kinapobonyezwa. Mimi sikukiachia kila kitufe jina la kijiji chake. Niliviagiza vyote vitatu vikatazame kibao kimoja, na mzunguko ulipokwisha, kibaoni lilibaki jina la mwisho. Bweni ilikuwa Ushongo, na Boza ilikuwa Ushongo, hata angebonyeza nani.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nilirekebisha mstari mmoja wa programu, kila kitufe kikapata jina lake, na orodha ya asubuhi nikaisahihisha. Aliporudi nilikuwa nimekaa mahali pangu, kama sikugusa kitu.

Wiki mbili zikapita bila kosa. Bwana Shamsuddin akaja, akapitia orodha, akafurahi.

"Umeona, Miraji? Mtu akitishwa, macho hufunguka."

"Na miwani, Bwana," akasema Bi Semeni. Kisha akaniangalia. "Ahsante kwa kunisema. Nisingejua kuwa macho yamekwisha."

Hapo nilishindwa. Niliwaambia kosa lilikuwa la nani.

"Unajua tangu lini?" akauliza Bwana Shamsuddin.

"Wiki mbili na siku tatu."

Bi Semeni alivua miwani taratibu. "Kwa hiyo macho yangu mazima?"

"Mazima."

"Nimeacha kushona mikeka, Miraji. Ukili wangu wote niliousuka nimempa Tausi, mke wa mwanangu. Nimemwambia mimi basi tena."

Bwana Shamsuddin akasema, "Haya, yameisha. Semeni anabaki kazini."

"Kwako yameisha, Bwana. Huyu alinisema barazani."

Siku ya mgao uliofuata nilisimama barazani kabla miche haijaanza kutolewa. Sadalla alikuwepo. Nilisema kosa la Boza na Bweni lilikuwa langu, na kwamba nililijua nikanyamaza. Nilisema nikitazama chini.

"Hatusikii!" akapaza mtu.

Bi Semeni alikuwa mbele ya kompyuta, hakuinua kichwa.

"Sema tena," alisema. "Watu wa Boza wako nyuma."

Nikasema tena.