Majani ya Manjano Nyuma ya Banda la Kuku

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo lenyewe sikulimaliza, ng'ombe wa mzungu walinitoa. Lakini jani nalisoma. Nilifanya kazi ya kitalu Naivasha, kwa mashamba ya maua, nikilala mtaa wa vibarua wa Kamere miaka mingi kuliko niliyolala kwangu. Msimamizi wetu alikuwa mtu mkali, ila alitufundisha. Jani likigeuka manjano, alisema, usikimbilie dawa. Uliza kwanza limeanzia chini au juu. Likianzia chini, mche una njaa. Lakini kama ni yale majani mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu, yaache, hayo huanguka yenyewe kama meno ya mtoto. Likianzia juu na mishipa imebaki kijani, udongo ndio una kasoro. Na mche ukiwa manjano kote na umelegea kama mtu wa malaria, utoe uangalie mizizi. Nimetembea na maneno hayo kama wengine wanavyotembea na Zaburi.

Nayasema mapema ili mjue sikuwa mjinga wakati miche ya dada yangu ilipoanza kufa mikononi mwangu.

Dada ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Aliolewa Molo, kule kwa baridi, na mtu wa viazi na ng'ombe wa maziwa ambaye baadaye akawa mzee wa kanisa. Mwaka juzi ugonjwa ulimwingia kwenye mifupa. Hospitali walimrudisha na tembe, na tembe zikamtapisha mpaka akazikataa. Nilipoenda kumwona nilikuta mtu mdogo kitandani, na macho makubwa. Alingoja mume wake atoke kwenda kukamua, ndipo akanishika mkono.

"Unakumbuka chai ya mama?"

Nilikumbuka.

"Usijifanye bubu. Wewe ndio ulikuwa unatumwa kuchuma."

Mama yetu alikuwa kibarua kwa mzungu, na nyuma ya zizi la ndama alikuwa na mimea yake mitatu minne ya bangi. Hakuna mtu kwetu aliyevuta. Kuku wakisinzia aliwapa mbegu, na baba alipobanwa na kifua alichemshiwa majani kwenye maziwa. Miche yake aliinyunyizia maji kwa mdomo. Anajaza mdomo, anainama, anapuliza, maji yanatoka membamba kama ukungu. Alisema mche mchanga ukiumwagia unashtuka. Mpaka leo nikiona mtu anasukutua mdomo asubuhi mimi humwona mama.

"Nataka ile," dada akasema. "Nilale usiku mmoja tu. Mmoja. Halafu Mungu anichukue na aniulize akitaka."

Basi hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na sitalificha. Dada yangu alitaka kulala kabla hajafa, na mimi ndiye niliyeambiwa.

Mtu ataniuliza kwa nini sikununua iliyokauka. Kwanza, ile ya kununua hujui imechanganywa na nini. Pili, niliogopa polisi kuliko nilivyoogopa Mungu, na hiyo ni dhambi nyingine. Lakini mbegu ni kitu kidogo. Nilishuka Salgaa, pale malori yanapolala, nikaanza kuzungukazunguka kama mtu aliyepoteza mbuzi. Jamaa mmoja anayepiga viraka magurudumu akanitazama sana.

"Mzee, unatafuta nini, mke?"

"Mbegu."

"Ya kabeji?"

"Ya kuku wagonjwa."

Akacheka mpaka akaweka chini nyundo. "Hao kuku wako, mzee, wanavuta kwa pua ama kwa mdomo?" Lakini akaenda, akarudi na mbegu zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na hakutaka kitu. Alisema nimemkumbusha babu yake.

Nilibaki kwa dada kumuuguza, nikazipanda kwenye pakiti za maziwa, nyuma ya banda lake la kuku. Nilitoboa kila pakiti kwa msumari. Nikachanganya udongo wa msitu, mbolea ya kondoo iliyolala mwaka mzima, na mchanga kidogo. Watu wa boma walipouliza nikasema ni nyanya. Mume wa dada akaitikia, "Nyanya ni nzuri," akaenda zake. Mke wa kijana wa dada, anayekaa hapo na kumwogesha mgonjwa, akasema pia, "Nyanya ni nzuri, ankoo." Hakuna aliyeuliza nyanya gani inapandwa Molo kwenye baridi ile, tena mahali pa kujificha. Kijana mwenyewe yuko Nairobi kwa kazi. Tulikuwa watu wanne tu mle ndani, na jina la ule mmea halikutoka mdomoni mwa yeyote.

Zilimea tisa. Dada kila siku ananiuliza, "Zimefika wapi?" Namwonyesha urefu kwa viungo vya kidole. Siku za kwanza nilionyesha ukweli.

Baada ya wiki mbili hivi manjano yakaingia. Nikaona yale majani mawili ya chini, nikasema hayo ni meno ya mtoto. Kisha yakapanda juu. Nikasema ni njaa, lakini mbolea ile ilikuwa nzuri, hata niliionja kwa ulimi kama tulivyokuwa tunafanya tukimficha msimamizi. Nikasema ni baridi, nikazifunika kwa gunia jioni na kuzifunua jua likitoka. Manjano yakazidi. Sasa mche mzima umelegea, majani yanainama kama masikio ya ndama mgonjwa. Na mimi nazimwagilia kidogo tu, kikombe kimoja asubuhi kwa zote tisa, si zaidi.

Ndipo nilipoona udongo.

Niliamka mapema, kabla ya maziwa kwenda kwa barabara, nikaenda na kikombe changu. Udongo ulikuwa umelowa tayari. Mvua haikuwa imenyesha. Kwenye majani kulikuwa na matone madogo madogo, membamba, yamepangwa kama yamepulizwa na mdomo. Ndiyo, Molo kuna ukungu, na ukungu huacha matone. Najua. Lakini mwambie mtu ajue wakati mwili wake umesimama nywele. Nilimwaga kikombe changu pembeni nikaondoka kinyumenyume.

Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikaona nyasi zilizokanyagwa, na alama ya mguu mmoja peku, mdogo, wa mwanamke. Mama alitembea peku maisha yake yote. Nilianza kumsikia. Nikichota maji kwenye tangi nasikia mtu anasukutua nyuma yangu, nikigeuka ni kuku. Nikikaa na dada, naona anatazama pembeni ya bega langu kama kuna mtu amesimama. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Mama amekuja mara nyingi siku hizi. Hasemi kitu. Ana maji mdomoni."

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Na bado nilimwonyesha kidole. "Zimefika hapa," nikionyesha kiungo cha pili, na zilikuwa hazijapita cha kwanza. Alifumba macho akatabasamu. Maumivu yalipomshika alikuwa anauma shuka, na sauti aliyotoa haikuwa ya mtu ninayemjua.

Kama ni mama, niliwaza, basi hataki mtoto wake apewe kitu kilichopandwa kwa uongo wa nyanya. Au anataka ampokee haraka. Mawazo kama hayo. Mwishowe nikajiambia, nitamngoja nimwone, aniambie mwenyewe. Asubuhi iliyofuata niliaga kwamba naenda sentani kwenye maduka, nikazunguka kwa nyuma, nikaingia ghala la viazi. Mbao zake zina nafasi, unaona banda la kuku lote.

Wa kwanza kuja alikuwa mke wa kijana. Peku, amevua gambuti za kukamulia, ana jagi. Akaangalia huku na huku, akamwagia kila pakiti mpaka maji yakatokea chini, akajipangusa mikono kwa leso, akaenda. Mguu mdogo wa mwanamke.

Sijapumua vizuri, akatokea shemeji yangu. Mzee wa kanisa, kofia ameishika mkononi kama amefika kaburini, na birika ile ya kunawisha wageni. Akamwagia moja moja. Alipofika ya mwisho aliinama akaigusa kwa kidole, akasema kitu kwa sauti ya chini. Nikatoka.

"Shemeji. Hiyo nayo unafanyia nini?"

Birika nusura ianguke. "Nanyunyizia nyanya."

"Nyanya gani?"

"Si wewe ndio ulisema ni nyanya!"

Tukatazamana. Kisha akakaa juu ya jiwe, mzee wa watu. "Mimi nimeokoka zamani," akasema, "lakini pua yangu haijaokoka. Nilijua ni nini siku ya kwanza. Nilinyamaza. Nikisema nimejua, ni lazima nikukataze. Kwa hivyo nilikuwa nakuja kuziombea na kuzinywesha."

"Na mke wa kijana yako anazinywesha."

"Aa! Huyo?"

"Na mimi pia."

Alihesabu kwa vidole, mmoja, wawili, watatu, akaacha mkono hewani. Niliinua pakiti moja, nikatoa mche. Mizizi ilikuwa ya rangi ya chai, laini, inanuka kama kinamasi. Miche haikuwa na njaa wala kasoro ya udongo. Ilikuwa inazama. Kila mtu mle ndani alimpenda mgonjwa, kila mtu aliona aibu, na kila mtu alikuja na maji yake.

Tulimwita yule mwanamke, tukaongea waziwazi hapo hapo, yeye akilia na kucheka. Tukapatana: hakuna maji. Hata tone, mpaka udongo ukauke ndani kidole kizima. Niliing'oa ile iliyooza na zingine mbili. Zikabaki sita.

Siku ya tano dada alikufa. Hakulala, sitawadanganya. Alienda macho wazi, mchana, ameshika kona ya shuka.

Matanga Molo mnayajua, watu, hema, sufuria kubwa, nyimbo. Hakuna aliyekumbuka nyuma ya banda la kuku. Baada ya mazishi, wageni wamekwisha kuondoka, mimi na shemeji tulienda huko tukiwa hatujasemezana. Zile sita zilikuwa zimesimama. Vichwa vimepanda juu, majani mapya kijani kibichi kabisa, yametanuka kama mikono.

Shemeji aligusa mmoja kwa kidole.

"Ng'oa," akasema. Kisha, kabla sijainama: "Niambie kitu kimoja. Kama nisingemwaga yale maji yangu. Zingewahi?"

Nilimwangalia uso. Alikuwa hajanyoa tangu siku ile.

"Hapana, shemeji. Huu mmea ni wa miezi. Hata tungezitunza vipi, zisingewahi."

Alishusha pumzi, akanisaidia kuzing'oa, tukazifukia kwenye shimo la mbolea, yeye akashindilia udongo kwa kiatu chake cha kanisa. Alinishukuru. Sasa ananipigia simu kila Jumapili.

Mama alikuwa ananituma kuchuma ikiwa urefu wa shibiri. Majani manne matano machanga, kwenye maziwa ya moto, na baba analala mpaka jogoo. Zile sita, bila maji yetu, zingekuwa shibiri kabla dada hajafa. Mimi nilijua hivyo nikisimama pale mbele yake, na bado najua.