Kijiti cha Kawelu

Katika bonde la Halawa, kisiwani Molokai, enzi za machifu, hakukuwa na mkandaji hodari kama Pahia. Wagonjwa walimfuata kutoka mbali, akawalaza mkekani na kuwakanda kwa mawe ya moto yaliyofungwa kwa majani. Lakini mkewe, Kawelu, akirudi hoi kwa kutwa nzima ya kugonga magome ya kutengenezea nguo, aliambiwa, "Mikono imechoka, mke wangu. Kesho."

Kawelu akachoshwa na hiyo kesho. Akatafuta tawi lililopinda kama ndoana, akalisugua kwa jiwe mpaka likawa laini, akalipitisha begani na kujikanda mgongo mwenyewe.

"Aaa! Hiki hakijui kesho!"

Pahia akanuna. "Yaani unaniacha mimi, unakwenda kwa kijiti?"

Asubuhi kijiti hakikuonekana. Kawelu alikuwa akikitafuta aliposikia mtu akigumia kwenye magimbi. Akakimbilia huko, akamkuta mumewe amefumba macho, kijiti kiko mgongoni.

"We Pahia, unaumwa?"

"Nakikagua tu," akajibu, bila kukiachia.

Tangu hapo alimkanda mkewe kila jioni, mradi akimaliza aazimwe kijiti.